Halua ya Siku ya Minas

Asimina hakupenda kuonewa huruma. Ukimtazama kwa huruma alikupa kazi papo hapo: shika kuni hizi, mfunge mbuzi yule, menya vitunguu. Nimemenya vitunguu vingi sana katika jiko lake, maana uso wangu haujui kuficha kitu.

Niliolewa kijijini hapa, mlimani Pelio, mwaka uleule vita vya ndugu kwa ndugu vilipokwisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa kuitwa "bi harusi" na kila mtu hata baada ya kuzaa wawili. Aliyeanzisha ni Asimina. Nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati njia ya mawe ya kupita punda mmoja. Nikikaanga samaki, alijua kama mafuta ni mapya au ya jana, na alinitangazia kwa sauti ili majirani nao wajue.

Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Mumewe aliangukiwa na mti aliokuwa akiukata msituni, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Minas, na miti saba ya vidoni nyuma ya nyumba. Kidoni ni tunda la ajabu. Kwa nje lina rangi ya dhahabu na linanukia chumba kizima, lakini liume bichi uone: gumu, chachu, linakukaba koo. Halifai kitu mpaka lipikwe. Asimina aliyapika yakawa halua nyekundu inayokatwa kwa kisu, akaibeba kwa punda hadi mjini Volos, na kwa halua hiyo akamlea Minas mpaka akamwoza.

Minas alimwoa Lemonia, binti wa kijiji cha pili, mwezi wa kwanza wa mwaka arobaini na nane. Mwezi wa tano watu wenye bunduki walishuka kutoka mlimani alfajiri, wakataka nyumbu wawili na mtu wa kuwaongoza. Wakamchukua Minas. Alitoka na kipande cha mkate mkononi, akamwambia mkewe atarudi kabla ya jioni. Lemonia alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa miezi minne, hana mimba.

Vita vikaisha, Minas hakurudi. Hakuonekana kaburini, hakuonekana gerezani. Baadhi ya wale wenye bunduki walikimbilia ng'ambo ya mpaka, wakaishia mbali kabisa, Tashkenti, na baada ya miaka kadhaa barua zao zikaanza kufika. Kila postamani alipopanda kijijini, Asimina alisimama mlangoni amejifuta mikono. Akishapita, alirudi ndani kukaripia kuku.

Sasa nieleze siku ya jina. Kwetu mtu hasherehekei siku aliyozaliwa. Siku ya kuzaliwa hata mbuzi anayo. Tunasherehekea siku ya mtakatifu ambaye mtu ameitwa kwa jina lake, na siku ya Mtakatifu Minas ni tarehe kumi na moja Novemba, vidoni vikiwa vimeiva na halua imekauka vizuri. Watu wakitoka kanisani, nyumba yenye jina hufungua mlango wazi. Hakuna anayealikwa, na hakuna asiyekwenda. Unakaribishwa kwa sinia: kipande cha halua juu ya jani kavu la kunukia tunaloliweka kuzuia wadudu, glasi ya maji, na kikombe kidogo cha pombe kali ya zabibu. Unamwambia mama wa mwenye jina: "Miaka mingi, umfurahie." Mwenye jina akiwa safarini, mama hufungua mlango kwa niaba yake. Lakini nyumba yenye msiba haifungui. Nyumba yenye msiba haipiki kitu kitamu hata kidogo.

Kwa hiyo mnaona. Kila mwaka Asimina alipofungua mlango, alikuwa akisema mwanawe yu hai. Na sisi tuliopanda ngazi zake tukala halua yake na kumwambia "umfurahie," tulikuwa tukisema hivyohivyo. Mwaka wa kwanza ilikuwa rahisi. Mwaka wa tano watu walisema neno hilo wakiangalia sakafu. Na Lemonia ndiye aliyeshika sinia, amevaa kitambaa chekundu kichwani, kwa sababu mkwewe hakumruhusu kugusa nyeusi. "Mke wa aliye hai havai nyeusi," alisema.

Wanamwita Mtakatifu Minas mfichuaji wa vilivyopotea. Mwanamke akipoteza pete anamwashia mshumaa, na pete inaonekana ndani ya unga. Mimi humwambia mtakatifu huyo mpaka leo: kwa pete na mbuzi wewe hodari, lakini kwa Asimina ulilala.

Mwaka wa nane barua ilifika kutoka Tashkenti, si kwa Asimina, kwa mwanamke mwingine wa mtaa wa juu. Mwanawe alikuwa ameandika mengi juu ya baridi na kazi ya kiwanda, na katikati akaandika hivi: "mlimani tulikuwa na marehemu Minas wa Asimina, tulimzika karibu na mto, Mungu amrehemu." Padri wetu, Padri Anesti, alikwenda mwenyewe kumsomea Asimina. Mimi nilikuwepo, namenya vitunguu kama kawaida.

"Soma tena," alisema Asimina.

Padri akasoma tena.

"Huyo mtoto aliyeandika, namjua. Alirudia darasa la kwanza mara tatu. Hata jina la mama yake hukosea herufi."

"Asimina, mtu hakosei jambo la kumzika mwenzake."

"Karibu na mto gani? Mito haina majina huko?"

"Pika ngano, mwanangu," Padri alisema taratibu. Ngano ya kuchemsha na sukari ndiyo tunayowapikia wafu, na anayeila hutamka "Mungu amrehemu." "Pika ngano, tumsomee, roho yake ipumzike. Na huyu binti naye apumzike."

"Ngano yangu nawapa kuku," alisema Asimina. "Na kahawa yako inapoa, baba padri."

Mwaka uliofuata akaja Thimio. Alikuwa mjane wa kiume wa kijiji cha chini, mwenye kinu cha zeituni, mtu mpole wa miaka thelathini na tano, na kibinti kilichoachwa na mama kikiwa na wiki mbili. Angeweza kutuma mshenga. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Unamtaka mke wa mtu?" Asimina alimwuliza kabla hajaketi.

"Namtaka mjane, mama, kwa heshima zote."

"Mjane wa nyumba hii ni mimi. Nina miaka sitini na nne na meno kumi na moja. Ukinitaka mimi, vuta kiti tuzungumze posa."

Thimio alitoka amekuwa mwekundu kama halua. Lemonia alikuwa jikoni na mimi, na tuliposikia maneno hayo tulicheka mpaka tukashikana. Kisha nikaona mwenzangu hacheki tena.

Oktoba nilikwenda kuwasaidia kupika, kama kila mwaka. Unafuta manyoya ya tunda kwa kitambaa, unachemsha, unachuja, unatia sukari kwa uzito uleule, halafu unakoroga. Hapo ndipo kazi ilipo. Ikianza kuwa nzito inatema, na tone lake likikugusa linaondoka na ngozi. Asimina alikuwa ameshachoka mabega, kwa hiyo miaka yote hiyo mwiko ulikuwa wa Lemonia. Alifunga mikono kwa matambara, lakini haikusaidia sana; alikuwa na makovu madogo meupe toka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Siku ile Asimina alikwenda kuchuma majani ya kuwekea halua, nikapata nafasi.

"Unamtaka?" nilimwuliza.

"Nani?"

"Padri Anesti! Nani mwingine? Thimio."

Aliendelea kukoroga. "Kibinti chake kilinishika sketi kisimani kikaniita mama. Hakijawahi kumjua mama, kilisema tu. Nimeota sauti hiyo siku tatu."

"Basi nenda, dada. Kibali cha askofu cha kuolewa tena kipo, Padri amesema. Nani atakuzuia? Una miaka ishirini na minane, si kumi na minane."

"Nitatokaje, Polixeni? Nikivuka kizingiti kile kabla yeye hajasema, mimi ndiye niliyemzika mwanawe. Si vita. Si mto. Mimi." Halua ikatema, ikamchoma, wala hakuruka. "Amenilea kuliko mama yangu. Kipande kikubwa cha nyama kiko sahani yangu kila Jumapili. Siwezi kumwua mtoto wake ili nipate wangu."

"Na asiposema kamwe?"

"Basi nitakoroga," alisema.

Nilirudi nyumbani nina hasira ya kuuma mtu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wengine tulikuwa tukienda kila Novemba, tunakula, tunasema uongo wetu mtamu, tunarudi kulala na waume zetu. Nikasema basi. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo nilizunguka. Nilikwenda kisimani, nikaenda kwenye tanuri, nikaenda mtaa wa juu kwa mwanamke wa barua. Niliwaambia wote: mwaka huu tusiende. Akikaa na sinia lake peke yake ataelewa bila mtu kumwambia neno. Walikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani kila mmoja alikuwa amengoja mwingine aanze.

Mume wangu Steryo alisikia. "Wewe umetumwa na nani?" aliniuliza.

"Na Lemonia."

"Lemonia alikutuma?"

Nilichukua ndoo nikatoka, maana hakunituma.

Siku ya Mtakatifu Minas ilikuja na upepo wa baridi kutoka kileleni, ule unaoleta theluji siku ya pili. Asimina alikuwa kanisani, amesimama mahali pake. Tulipotoka aliwahi mbele kufungua. Nilijifungia jikoni nyuma ya pazia na kuangalia, kwa sababu mimi ni mtu wa aina hiyo.

Alifungua milango yote miwili. Aliketi kwenye kiti kilichotazama njia, gauni safi, mikono magotini. Mezani nyuma yake kulikuwa na sinia, halua imekatwa vipande vya pembe nne vilivyolala ubavu, lozi juu ya kila kimoja. Nilihesabu glasi, aliweka arobaini. Watu wakaanza kupita. Mwanamke wa tanuri akapita akirekebisha kitambaa chake. Familia ya muuza duka ikapita, baba akiwasukuma watoto wasigeuze shingo, kwa kuwa watoto walijua halua iko wapi. Asimina alimwinukia kila mmoja nusu, kisha akaketi tena. Sijui aliinuka mara ngapi. Baada ya saa moja hakuinuka tena, alitazama tu.

Siku ya jina mlango haufungwi mpaka jioni. Upepo uliingia ndani ya nyumba ile ukapeperusha kitambaa cha meza, naye akakaa hapohapo. Alikuwa na kifua kibovu tangu majira ya kuchipua. Nilimwona akikohoa, amejifunika mdomo kwa ncha ya shali, halafu akiketi wima tena asije mgeni akamkuta amepinda.

"Umeridhika?" Steryo aliniuliza kutoka mezani.

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Chakula kitamu leo, au vipi?"

Nilitaka kumtupia mkate. Nilijiona mwenyewe nilivyo: nimechukua maumivu ya watu wawili nikayafanyia mkutano kisimani. Nilivua aproni, nikachukua koti. Ndipo nilipomwona Lemonia.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, wa mbuzi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alizunguka ukuta wa bustani, akapita chini ya miti ya vidoni iliyokwisha kuchumwa, akatokea kwenye njia ya mawe kama mtu anayetoka nyumba nyingine. Kwenye ngazi alifuta viatu. Mimi nilikuwa nimeshavuka njia, nikasimama nyuma yake, nimekosa pa kujificha.

Alipiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Miaka mingi, mama," alisema. "Miaka mingi kwa Minas. Umfurahie."

Asimina alimtazama. Mtu pekee ambaye ukimya wa kijiji ungemfaa ndiye aliyekuja kuuvunja, na aliliona hilo kabla sijaliona mimi. Aliinuka kwa kushika meza, akachukua sinia. Miaka yote sinia lilikuwa la Lemonia. Leo alilishika mwenyewe, na glasi zikagongana.

"Chukua," alisema.

Lemonia akachukua kipande.

"Usiniambie umfurahie. Ukila, sema lile jingine, la ngano."

"Mama, hapana."

"Sema, mwanangu."

"Siwezi. Mimi sitasema. Usiniambie mimi."

"Nilijua hutaweza," alisema Asimina. "Umekuwa huwezi miaka tisa kwa ajili yangu." Akaweka sinia mezani. Mwenye nyumba halii na hali halua siku ile, kazi yake ni kukaribisha, lakini alichukua kipande akakitia mdomoni, akakitafuna kwa meno yake machache, polepole, mpaka kikaisha. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba.

"Mungu amrehemu Minas wangu," alisema. "Mungu amrehemu mtoto wangu."

Lemonia alianguka magotini akamkumbatia miguu. Asimina alimwekea mkono kichwani, akaanza kumfungua kile kitambaa chekundu, fundo likamshinda kwa baridi ya vidole. Ndipo akaniona pale kizingitini.

"Na wewe, Polixeni?" Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo. "Umekuja kusema lipi?"

"Mungu amrehemu, shangazi," nilisema. "Uishi umkumbuke. Na unisamehe, ni mimi niliyewazuia watu."

"Najua ni wewe. Nani mwingine ana ulimi wa kuzunguka mitaa yote kwa siku moja? Nenda ukawaite."

Nilikwenda nikawaita. Walikuja mmoja mmoja, wakala halua ile ile iliyopikwa kwa sherehe, na kila mmoja akatamka neno la wafu. Padri Anesti alikuja akasoma sala pale pale mezani. Jumamosi Asimina alichemsha ngano.

Lemonia alivaa nyeusi siku arobaini, nyeusi ya kweli, na alilia kilio alichokuwa amenyimwa. Baada ya sikukuu ya kubariki maji, mwezi wa kwanza, Thimio akaja na nyumbu aliyepambwa. Asimina ndiye aliyemvisha bibi harusi. Alimpigia pasi gauni, akamchana nywele, akamfungia vifungo vya mgongoni vyote, akamtilia sahani sita za kaure ndani ya sanduku. Kisha akambusu paji la uso na kurudi ndani, kwa kuwa mama mwenye msiba haendi harusini. Hiyo ni desturi yetu na hakuna anayeivunja. Angebaki na neno lake kooni, Lemonia asingeolewa. Alipolitoa, akakosa kumwona akiolewa.

Tulishuka sote kijiji cha chini na ngoma na klarineti. Mimi niliondoka mapema. Nilimkuta ameketi jikoni, moto umekaribia kufa, hajauchochea.

"Alicheza?" aliniuliza.

"Alicheza, shangazi."

"Kibinti?"

"Kilimng'ang'ania gauni. Alicheza nacho mkononi."

"Alicheka?"

"Alicheka sana."

"Vizuri," alisema. "Vizuri, ndivyo inavyotakiwa."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama mama siku ya kuzika, akimwita Minas kwa jina, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumsikia ila mimi.